Mapenzi ya Masharti: Kwa Nini Riwaya za Enzi ya Regency Hazichuji

Kipindi chenyewe kilidumu miaka tisa tu. Februari 1811 Bunge la Uingereza lilimkabidhi Mwanamfalme George madaraka ya baba yake, Mfalme George III, ambaye maradhi yalikuwa yamemzidi hata asiweze kutawala. Januari 1820 mfalme huyo akafariki, mwanawe akavaa taji, na enzi iliyoitwa Regency ikafikia tamati. Uingereza imepitia vipindi virefu kuliko hicho, lakini ni vichache vilivyojengewa himaya ya hadithi za mapenzi namna hii. Miaka mia mbili na ushei imepita, na bado riwaya zinazosimulia uchumba katika kumbi za dansi za London na mashamba ya mabwanyenye wa enzi hiyo zinaandikwa kila mwaka na kusomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga nchi hiyo. Tamthilia ya Bridgerton, iliyotokana na vitabu vya Mmarekani Julia Quinn, ilianza kuonyeshwa Netflix Desemba 25, 2020. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba katika siku 28 za mwanzo kaya milioni 82 ziliifungulia. Wengi hudhani siri iko katika magauni, vinara vya mishumaa na magari ya farasi. Dhana hiyo haitoshi, kwa sababu Ufaransa ya Louis XIV ilikuwa na fahari kubwa zaidi na haikupata bahati hiyo. Kinachowavuta wasomaji ni masharti. Enzi ya Regency, kama inavyosimuliwa katika riwaya hizi, ni ulimwengu ambamo uamuzi wa ndoa ni mzito, hauna marudio, na unafikiwa chini ya kanuni kali kiasi kwamba jambo dogo kabisa huwa na maana kubwa.

Tuanze na sheria, maana uzito wote umeegemea hapo. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mwanasheria William Blackstone alilieleza jambo hilo bila kificho katika vitabu vyake vilivyotoka kati ya 1765 na 1769: mwanamke akishaolewa, nafsi yake mbele ya sheria inafunikwa na ya mumewe. Fedha alizokuja nazo zilikuwa za mume, kipato chake kilikuwa cha mume, na watoto walikuwa chini ya mamlaka ya baba. Familia zenye uwezo zilijihami kwa mikataba iliyoandikwa na mawakili kabla ya harusi, ikimtengea binti fungu lake; ambaye kwao hawakujiweza hakuwa na kinga hiyo. Mlango wa kutokea nao ulikuwa na komeo. Hadi 1857, talaka kamili inayomruhusu mtu kufunga ndoa nyingine ilihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili ya mtu huyo tu. Mwanamke wa kwanza kuipata, Jane Addison, aliipata 1801, na katika historia yote ya utaratibu huo ni wanawake wanne tu waliofanikiwa. Kwa hiyo binti wa miaka ishirini aliyesimama pembeni ya ukumbi akisubiri kuombwa dansi alikuwa akikaribia uamuzi ambao ungempangia nyumba, riziki, watoto na uzee wake kwa mkupuo mmoja. Mwandishi wa leo anayetaka kuipa hadithi ya mapenzi uzito kama huo hulazimika kubuni vita au maradhi. Mwandishi wa Regency anaukuta tayari.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwa Jane Austen, ambaye hakuandika riwaya za kihistoria hata kidogo. Aliandika maisha ya watu wa tabaka lake na wa zama zake, na ni sisi tuliochelewa kuzaliwa tunaoyaona kuwa historia. Wanaomkumbuka kwa mahaba husahau jinsi alivyokuwa mhasibu. Katika Pride and Prejudice, iliyotoka 1813, msomaji anajulishwa kipato cha kila mwanamume mapema kabisa. Bwana Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka. Baba yake Elizabeth Bennet ana 2,000, lakini shamba lake limefungwa kwa sharti la urithi wa wanaume, na kwa kuwa hana mtoto wa kiume litakwenda kwa ndugu wa mbali, kasisi Collins. Fungu la Elizabeth mwenyewe ni pauni 1,000 zilizowekwa kwa riba ya asilimia nne, nazo atazipata mama yake akishafariki. Hizo ni pauni 40 kwa mwaka. Piga hesabu, utaona kipato cha Darcy cha mwaka mmoja kingemlisha Elizabeth miaka 250. Sasa Collins anakuja kuposa, na Elizabeth anamkataa mtu ambaye siku moja atakuwa na haki ya kumtoa yeye, mama yake na dada zake nje ya nyumba. Rafiki yake Charlotte Lucas, mwenye miaka 27 na asiye na mali, anamkubali Collins huyohuyo bila kumpenda, naye mwandishi hamcheki. Kisha anakuja Darcy na mali yake yote, na Elizabeth anamkataa pia. Kukataa huko mara mbili ndiko kunakoifanya ndiyo yake ya mwisho iwe na thamani. Austen alilijua jambo hilo kwa maisha yake: Desemba 1802 alikubali posa ya Harris Bigg-Wither, mrithi wa shamba kubwa la Manydown, na asubuhi yake akabatilisha. Hakuolewa hadi alipofariki Julai 1817, akiwa na miaka 41.

Kwa upande wa pili wa masharti hayo kuna adabu za kila siku, na huko ndiko ufundi wa riwaya hizi unakoonekana. Mwanamume na mwanamke wasio wachumba hawakupaswa kuandikiana barua. Binti hakupaswa kukaa faraghani na mwanamume asiye ndugu. Kucheza dansi na mtu yuleyule zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja kulitosha kuwafanya watu waanze kunong'ona. Tazama anachokifanya Austen kwa kanuni ya barua peke yake. Katika Sense and Sensibility, Elinor anapomwona mdogo wake Marianne akimwandikia Willoughby, anaamini kwamba bila shaka wameshachumbiana, kwani nani angethubutu kuandika bila uchumba? Katika Pride and Prejudice, Darcy hawezi kuituma barua yake ndefu kwa posta. Inambidi azurure kwenye miti hadi akutane na Elizabeth, amtie barua mkononi na kwenda zake. Na katika Emma, Jane Fairfax anatembea kwenda posta kwenye mvua ili akachukue barua mwenyewe. Kila mtu sebuleni ana la kusema juu ya afya yake, na Bi Elton anashikilia kwamba mtumishi wake ndiye atakayekuwa akizichukua. Jane anakataa kwa upole, anakataa tena, na mwisho anageuza mazungumzo kuwa sifa za jinsi posta inavyofanya kazi. Msomaji wa mara ya kwanza anaona maongezi ya wanawake kuhusu mvua. Anayerudia kitabu anajua kwamba Jane ana mchumba wa siri, kwamba barua hizo zinatoka kwa mchumba huyo, na kwamba mtumishi mmoja mwenye macho angetosha kumwangamiza. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini kurasa hizo zina hatari halisi.

Vivyo hivyo kwa mguso. Katika Persuasion, Anne Elliot alivunja uchumba na Frederick Wentworth miaka minane nyuma kwa kushawishiwa kwamba baharia asiye na fedha hafai. Sasa Wentworth amerudi na pauni 25,000 za ngawira za vita, na hana la kusema naye. Siku moja wametembea kundi zima mashambani, na shemeji wa Wentworth, Admirali Croft, anapita na mkewe katika kigari chao. Nafasi imebaki moja. Bila kusema lolote, Wentworth anamsogelea Anne, ambaye hakuwa amelalamika kuchoka, na kumpandisha garini. Ni hayo tu, lakini Anne, na msomaji pamoja naye, anapata habari mbili kwa mara moja: kwamba mtu huyu hajamsamehe, na kwamba hawezi kumwona akitaabika. Katika riwaya ya leo wapenzi wangekuwa wameshaulizana na kujibizana kwa simu kabla ya ukurasa wa kumi. Ni kama mchezo wa bao: haunogi kwa uzuri wa kete. Unanoga kwa sababu mchezaji hana ruhusa ya kuzisogeza apendavyo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua mshenga ni nani na kwa nini wazee husema kwa mafumbo siku ya posa, hahitaji mwalimu wa kumfundisha kusoma mandhari kama hiyo.

Lakini Austen ni mzizi tu. Mti wenyewe ulipandwa na mwingine. Aliyeifanya Regency iwe aina ya riwaya yenye kanuni zake ni Georgette Heyer, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1974. Mwaka 1935 alitoa Regency Buck, ya kwanza katika mfululizo mrefu wa riwaya zake za enzi hiyo, na miaka miwili baadaye An Infamous Army, iliyosimulia mapigano ya Waterloo ya Juni 18, 1815. Ni yeye aliyewarithisha waandishi waliofuata vifaa vya kazi: ukumbi wa Almack's katika mtaa wa King Street, ambako kamati ya wanawake wa tabaka la juu iliamua nani apewe kibali cha kuingia kwenye dansi za Jumatano, Beau Brummell, mtu asiye na cheo aliyewaamrisha wenye vyeo namna ya kufunga tai, misimu ya vijana wa mjini na bei za farasi. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya pekee ya kumtazama. Mume wake, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini, na katika miaka ya 1920 kazi ilimpeleka Tanganyika. Heyer akamfuata, wakaishi porini katika nyumba ya nyasi. Huko ndiko alikoandika The Masqueraders, iliyotoka 1928, hadithi ya karne ya 18 ya kaka na dada waliobadilishana mavazi ili kuwakwepa maadui. Jambo hilo si kichekesho cha pembeni. Linaonyesha kwamba Uingereza ya zamani aliyokuwa akiiunda Heyer ilikuwa nchi ya karatasi tangu mwanzo, nchi inayoweza kubebwa hadi Tanganyika na isipungue kitu, kwa kuwa imeundwa kwa kanuni zaidi ya mahali. Ndiyo maana inasomeka popote.

Ukitaka kujua kiungo gani ndicho cha lazima katika pishi hili, angalia watengenezaji wa Bridgerton walichotupa na walichobakiza. Walitupa mengi. Rangi za magauni si za wakati ule, muziki wa dansi ni nyimbo za karne hii zilizopigwa kwa fidla, na Malkia Charlotte amefanywa mwanamke mweusi ambaye ndoa yake imewafungulia watu weusi milango ya vyeo. Wanahistoria wangeweza kuchana kila kipande. Hata hivyo, mhimili wa msimu wa kwanza ni uleule alioutumia Quinn katika The Duke and I mwaka 2000: Daphne na Duke wa Hastings wanaonekana bustanini usiku, peke yao, na kwa kosa hilo tu heshima ya binti iko hatarini, kaka yake anadai kupigana kwa bastola, na ndoa inakuwa njia pekee ya kuepusha damu. Hapo hakuna kilichoguswa. Ukiondoa sharti kwamba binti hawezi kuonekana bustanini na mwanamume, msimu mzima unaporomoka. Walithubutu kubadilisha rangi ya malkia, muziki na historia ya ufalme, lakini hawakuthubutu kuigusa kanuni ya bustani.

Pingamizi la kwanza, na lililo zito kuliko yote, ni la haki. Nani alilipia mishumaa hiyo? Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni uliendelea hadi sheria ya 1833, na Bunge lilipoufuta lilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata kitu. Sukari ya Karibi ilijenga nyumba nyingi za kifahari ambamo riwaya hizi huchezea dansi. Nyumbani nako hali ilikuwa ngumu: sheria ya nafaka ya 1815 ilipandisha bei ya mkate, mafundi wa nguo walivunja mashine zilizowanyang'anya kazi, na Agosti 16, 1819, askari wa farasi waliwavamia maelfu ya watu waliokusanyika Manchester kudai uwakilishi bungeni, wakaua. Riwaya nyingi za aina hii hazitaji lolote kati ya hayo, na Heyer, pamoja na utafiti wake wote, aliweka katika The Grand Sophy ya 1950 mkopeshaji fedha wa Kiyahudi aliyechorwa kwa dharau tupu. Lawama hiyo ni ya kweli na haifai kutetewa. Inachokosea ni kudhani kwamba uziwi huo ni sharti la aina yenyewe. Austen aliweka shamba la Antigua nyuma ya utajiri wa Sir Thomas katika Mansfield Park ya 1814, na katika Sanditon, aliyoiacha bila kuimaliza mwaka wa kifo chake, tajiri anayewindwa kwa ndoa ni Miss Lambe, binti mwenye damu ya Kiafrika kutoka Karibi. Vanessa Riley, mwandishi Mmarekani mweusi, ameandika uchumba wa Regency akiwaweka wanawake wa Karibi katikati, na katika Island Queen ya 2021 amesimulia maisha ya Dorothy Kirwan Thomas, aliyezaliwa utumwani akaishia kuwa tajiri mkubwa. Ulimwengu wenye masharti una nafasi ya kuuliza nani aliyatunga na nani alinyimwa hata nafasi ya kuyatii. Mwandishi asiyeuliza amechagua kutouliza.

Pingamizi la pili linasema hizi ni hadithi za kutorokea maisha, tena mwisho wake unajulikana kabla ya kufungua jalada. Ni kweli mwisho unajulikana. Msomaji anajua Darcy atakubaliwa kama mtazamaji wa tanzia anavyojua shujaa atakufa. Hakuna anayesema tanzia haina maana kwa kuwa kifo chake kinatarajiwa. Mwisho ukijulikana, jicho linahama kutoka kwenye nini kitatokea hadi kwenye vipi, na vipi ndiyo sehemu inayohitaji kipaji: kizuizi hiki kitavukwaje bila mtu kuvunja utu wake? Kuhusu kutoroka, ni vema kuuliza ni nani hasa wanaotoroka na kutoka wapi. Mwaka 1924 Rudyard Kipling alitoa hadithi fupi, The Janeites, kuhusu wapiga mizinga wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanaoshikamana kwa kumpenda Austen, na wala haikuwa ajabu kwa wasomaji waliokuwa wametoka mahandakini. Heyer naye alitunza barua ya mwanamke wa Romania aliyefungwa kwa sababu za kisiasa, aliyewasimulia wafungwa wenzake Friday's Child kutoka kichwani, tena na tena, ili wasirukwe na akili. Wanawake hao hawakuwa na haja ya kuelezwa maisha ya vizuizi yalivyo. Walichokosa gerezani ni ushahidi kwamba mtu aliyebanwa pande zote bado anaweza kufanya uamuzi ulio wake.

La tatu linatoka kwa wanaojali hali ya wanawake, nalo lina makali: je, riwaya hizi hazifanyi minyororo ionekane kama mapambo? Mwanamke wa leo aliyepigania haki ya kumiliki mali, kutaliki na kuchagua, kwa nini astarehe katika zama ambazo hakuwa nazo? Hatari hiyo ipo, na vitabu vinavyotumbukia ndani yake vinatambulika upesi: duke mkorofi anamtendea binti atakavyo, na ndoa inakuja kuosha kila kitu. Lakini tazama hadithi zilizodumu. Elizabeth alikataa mara mbili, Jane Fairfax aliilinda siri yake mbele ya sebule nzima, na Anne aliyekubali kushawishiwa akiwa na miaka 19 akajifunza gharama yake. Hakuna kati yao anayeshinda kwa kupenda kanuni. Wanashinda kwa kuzijua kuliko wale waliozitunga, na kwa kutumia silaha chache walizoachiwa: ulimi, subira na neno hapana. Mwisho wa hadithi nao unadai kitu ambacho sheria ya Blackstone haikutoa, yaani mwanamume akiri kosa lake na ajirekebishe kabla ya kukubaliwa. Darcy hashindi posa ya pili kwa kuongeza mali. Anashinda baada ya kusikia hasira ya mwanamke, kuifikiria na kubadilika. Sheria ilimnyima mwanamke nafsi baada ya ndoa, na riwaya ikamlazimisha mwanamume aitambue kabla yake. Ni madai mazito kuliko yanavyoonekana chini ya lesi.

Kutokana na hayo kuna kipimo ambacho msomaji anaweza kukitumia dukani au kwenye simu yake, bila kujali kitabu ni cha juzi au cha 1935. Chukua hadithi, ondoa sharti lililo katikati yake, kisha utazame kama bado imesimama. Ikiwa wapenzi wangefanya yaleyale katika jiji la leo, wakisema maneno yaleyale, basi Regency humo ni nguo za kukodi na kitabu hakitakumbukwa. Ikiwa kila barua, kila dansi na kila kimya kinategemea yale yaliyokatazwa, na ikiwa mwandishi anajua nani aliumizwa na makatazo hayo, basi mbele yako una kazi ya fasihi, hata jalada likiwa na mwanamume aliyefungua vifungo vya shati. Kwa kipimo hicho vingi vitaanguka, kama vinavyoanguka vingi katika riwaya za upelelezi na za vita. Vitakavyobaki vitakuwa vimesema jambo ambalo jamii yoyote yenye posa, mirathi na majirani wenye macho inalielewa: kwamba mapenzi hayawi jambo la watu wawili peke yao, na ujasiri ni kuamua kama mtu huru huku ukijua bei.